Jua la Baraka na gramu moja ya mayai

Gramu moja ya mayai ya nzi askari mweusi haijazi kijiko cha chai. Ndani yake mna mayai kati ya 35,000 na 40,000, kila moja lina urefu wa milimita moja hivi, na rangi yake ni nyeupe inayoelekea manjano. Katika joto la nyuzi 27 hadi 30 huanguliwa siku ya tatu au ya nne. Mfugaji wa Baraka, mji wa Fizi ulio magharibi ya Ziwa Tanganyika, akipata gramu hiyo kila siku, na ikaanguliwa vizuri, anakaribia kabisa kuwatosheleza kuku 100 wa mayai kwa protini itokayo kwa wanyama. Isipoanguliwa amebaki na vumbi.

Kinachoamua moja kati ya hayo mawili, kabla ya kufikiria taka za kuwalisha mabuu, ni mwanga. Sio mwanga unaolipiga yai, bali ule walioupata wazazi wake siku chache kabla ya kutaga. Nzi hawa hupandana kwenye mwanga mkali tu. Jike aliyekosa mwanga, na kwa hiyo akakosa dume, bado anaweza kutaga. Mayai yake utayaona kwenye vibao, utayakwangua, utayapima kwenye mizani, uzito wake utakufurahisha, na siku ya nne hakuna kitu. Huu ndio mtego unaowakatisha tamaa wengi wanaoanza: wanahesabu mayai badala ya kuhesabu walioanguliwa.

Makala haya yanaupigia mwanga huo hesabu. Unatakiwa kiasi gani, mwambao wa Fizi unao kiasi gani, na anayetaka kuununua kwa taa analipa nini. Msimamo wangu nausema mapema: kuanzia Baraka hadi rasi ya Ubwari mwanga umeshalipiwa, na anayekushauri uanze kwa kununua taa anakutia hasara.

Kuku 100 na ndagala kilo 438

Tuanze na kuku, kwa sababu ndio wanaolipa. Kuku wa mayai aliyekomaa hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku. Kuku 100 ni kilo 12. Chukua mchanganyiko ambao sehemu moja ya kumi ni ndagala mkavu, hao ambao ng'ambo ya ziwa, Kigoma, wanaitwa dagaa. Ni kilo 1.2 kwa siku, kilo 36 kwa mwezi, kilo 438 kwa mwaka. Kilo hizo 438 zingekwenda kwenye sahani za watu, katika wilaya ambayo ndagala ni kitoweo cha asiyeweza kununua nyama. Na ndagala hapatikani mwaka mzima kwa bei moja. Kuna siku za mbalamwezi ambazo wavuvi hupumzika kwa kuwa taa haivuti samaki. Siku hizi kuna pia miezi ya kufunga ziwa: mwaka 2024 nchi zinazopakana na Tanganyika zilisimamisha uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Kuku hawajui kwamba ziwa limefungwa.

Ndagala mkavu ana protini ya asilimia 60 hivi. Mabuu makavu ya nzi askari yana asilimia 40 hadi 45, na mafuta mengi juu yake. Ili kufidia kilo 1.2 ya ndagala unahitaji kilo 1.7 hivi ya mabuu makavu. Mabuu mabichi yakikaushwa hubaki kama theluthi ya uzito wake, kwa hiyo unatafuta kilo 5 za mabuu mabichi kila siku. Buu moja lililonenepa lina gramu 0.15 hadi 0.2. Piga hesabu: ni mabuu 30,000.

Taasisi ya Eawag ya Uswisi, iliyofanya kazi hii kwa miaka huko Surabaya, Indonesia, na kuchapisha mwongozo wake mwaka 2017, huweka mabuu 10,000 yenye umri wa siku tano kwenye kreti moja, huyapa kilo 15 za taka mbichi, na kuvuna baada ya siku 12. Kwa kipimo hicho mfugaji wetu anahitaji kreti 3 mpya kila siku, kilo 45 za taka, na kreti 36 zikiwa zimepangwa kwa wakati mmoja. Kilo 45 ni nyingi kwa nyumba moja, ila kwa soko la Baraka ni kitu kidogo: maganda ya muhogo na ndizi, matumbo ya samaki, maembe yaliyooza, mashudu ya mawese.

Sasa tushuke hadi kwenye yai. Sio kila yai linafika siku ya tano. Tuchukue 70 kwa kila 100. Mabuu 30,000 yanadai mayai 43,000, ambayo ni gramu 1.1. Jike mmoja hutaga kama mayai 500. Kwa hiyo unahitaji majike 86 yaliyopandwa na kutaga kila siku. Nusu ya nzi ni madume, na tuseme nusu tu ya majike ndiyo yatakayofanikiwa. Hapo ni nzi 344 wapya kwa siku. Kati ya mabuu 30,000 unayovuna, unabakiza kama 500 yawe pupa, yaani chini ya 2 kwa kila 100. Mengine yote yanaenda kwa kuku.

Kizimba cha chandarua chenye urefu wa mita mbili, upana wa mita moja na kimo cha mita moja kinawatosha nzi wote watakaokuwa hai kwa wakati mmoja, kwani nzi mzima huishi siku 5 hadi 8 tu, muda zaidi kidogo akipata maji. Hahitaji chakula. Mradi wote wa kuku 100 unategemea kinachotokea ndani ya mita hizo mbili, tena kwa saa chache za asubuhi.

Kiasi gani cha mwanga

Jeffery Tomberlin na Craig Sheppard, wakifanya kazi huko Georgia, Marekani, walichapisha mwaka 2002 hesabu ambazo wafugaji wa nzi wanazitumia hadi leo. Nzi wachache sana walipandana mwanga ulipokuwa chini ya maikromoli 63 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Robo tatu ya kupandana kote kulitokea mwanga ulipozidi 200. Kwa kipimo cha laksi, ambacho simu nyingi zinaweza kukisoma kwa programu ya bure, 63 ni karibu laksi 3,400 za jua, na 200 ni karibu laksi 11,000.

Jua la mchana usio na mawingu hufikia laksi 100,000. Kivuli cha mwembe siku ya jua kinaweza kuwa na laksi 5,000 hadi 10,000. Siku ya mawingu ya kawaida, mahali pa wazi, saa sita mchana, unapata 10,000 hadi 20,000. Wingu zito la mvua linaweza kuishusha hadi chini ya 2,000. Ndani ya nyumba, hatua chache kutoka dirishani, zimebaki 500, pengine pungufu. Jicho la binadamu halioni tofauti hizi sawasawa, kwa sababu linajirekebisha. Mtu akiwa chumbani na anasoma gazeti bila shida atasema kuna mwanga wa kutosha. Kwa nzi askari chumba hicho ni usiku.

Na taa? Wavuvi wa Baraka wanaijua nguvu ya taa kuliko mtu mwingine yeyote, maana ndiyo inayowakusanya ndagala chini ya mtumbwi. Lakini taa nzuri ya LED ya lumeni 1,000, ikimwaga mwanga pande zote, umbali wa mita moja inatoa laksi 80. Ukiisogeza hadi nusu mita ni laksi 320. Kizingiti ni 3,400. Taa ya kuvulia iliyotundikwa juu ya kizimba haifiki hata sehemu ya kumi ya kiwango cha chini kabisa.

Wako waliojaribu taa kubwa. Mwaka 2010 watafiti wa China, huko Wuhan, walichapisha jaribio la taa mbili zikilinganishwa na jua. Ya kwanza, ya halojeni, wati 500, ilifanikisha kupandana kwa asilimia 61 ya kule kwa jua. Ya pili, ya wati 450, ambayo mwanga wake ulikuwa upande wa urujuani na buluu tu, haikufanikisha hata mara moja. Wati ni karibu sawa, matokeo ni 61 na sifuri. Baadaye ikaeleweka kwamba macho ya nzi huyu hupokea mionzi ya urujuanimno, buluu na kijani kwa pamoja, na taa za LED zilizotengenezwa kwa mchanganyiko huo zinafanya kazi. Viwanda vya Ulaya havina njia nyingine. Amsterdam mwezi wa Desemba mchana una saa 7 na dakika 40 hivi, na jua lenyewe liko chini sana. Kule mwanga ni malighafi inayonunuliwa.

Baraka iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni, mchana unapokuwa mfupi kuliko wakati wote, una saa 11 na dakika 53 hivi. Desemba una saa 12 na dakika 21. Tofauti ya mwaka mzima haifiki nusu saa. Mwanzoni mwa Oktoba na tena karibu na tarehe 10 Machi jua la saa sita linapita juu ya utosi. Hakuna mwezi ambao mfugaji wa nzi wa Baraka anahitaji kurefusha mchana.

Bei ya taa kwa lita na kwa paneli

Tuseme mtu hakubali, anataka taa ile ya halojeni ya wati 500, saa 6 kwa siku. Ni kilowati-saa 3. Sitataja bei kwa faranga wala dola, kwa kuwa mafuta ya Baraka yana bei yake leo na nyingine kesho, kutegemea barabara ya Uvira na boti za ziwani. Nitataja kiasi, msomaji aweke bei ya siku yake.

Jenereta ndogo ya petroli hula kama nusu lita kwa kila kilowati-saa ikibebeshwa mzigo wa kutosha, na zaidi ikiwa mzigo ni mdogo. Kilowati-saa 3 ni lita 1.5 hadi 2 kwa siku, lita 45 hadi 60 kwa mwezi. Zote hizo ni kwa ajili ya nzi 344 kwa siku. Na kwa kuwa taa inafanikisha 61 pale jua linapofanikisha 100, nzi 344 hawatoshi tena. Sasa unahitaji 564. Ukiwa na vizimba vitatu vya taa bado hujafikia kazi ya vizimba viwili vya jua.

Kwa umeme wa jua hesabu ni mbaya kwa namna nyingine. Paneli ya wati 100, baada ya kupoteza kidogo kwenye nyaya na betri, huleta kilowati-saa 0.35 hadi 0.4 kwa siku nzuri. Kwa 3 unahitaji paneli 8. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 100 ina kilowati-saa 1.2, na usipotaka kuiua mapema unatumia nusu. Kwa hiyo ni betri 5. Halafu jiulize taa utaiwasha lini. Siku ya jua huihitaji. Utaihitaji siku ya wingu zito, na siku hiyo hiyo ndiyo paneli zinapotoa kidogo kabisa. Unanunua jua, unalipitisha kwenye paneli, betri na taa, na mwisho wake linakurudia asilimia 61 tu ya kazi ambayo lingeifanya lenyewe kwa kupita kwenye chandarua.

Siku ya pili

Pamoja na hayo yote mawingu yapo. Mvua za Fizi huanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei, na kuna wiki ambazo milima ya magharibi haionekani kabisa. Hapa ndipo takwimu nyingine ya Tomberlin na Sheppard inapouma: asilimia 69 ya kupandana ilitokea siku ya pili baada ya nzi kutoka kwenye pupa, na asilimia 70 ya kutaga ilitokea siku ya nne. Kundi la nzi 344 lina siku yake moja kubwa. Siku hiyo ikiwa nyeusi kundi halijafa lote, ila limepungukiwa vibaya, na wewe utajua siku sita baadaye mayai yatakapokataa.

Dawa yake ni kitambaa cheusi. Nzi waliotoka kwenye pupa wakiwa gizani hawapandani; wanatulia. Mwongozo wa Eawag umejengwa juu ya jambo hili hili: pupa wanawekwa kwenye kizimba cha giza, nzi wanatoka humo humo na kukaa, kisha mtu anaunganisha kizimba cha giza na cha mwanga kwa njia ya kitambaa, na nzi wenyewe wanaufuata mwanga. Unachagua siku. Leo wingu ni zito, kizimba kinabaki kimefunikwa, wananyunyiziwa maji kidogo wasikauke. Kesho kumekucha kweupe, unafungua. Huwezi kuwahifadhi wiki mbili, kwani maisha yao ni mafupi, lakini siku mbili tatu unazipata, na mara nyingi hizo ndizo zinazotosha kuvuka mawingu. Giza hilo linafanya kazi ya betri zile tano, na halihitaji zaidi ya mita chache za kitambaa.

Wafugaji wa nondo wa hariri wa Japani, China na India waliujua ujanja wa aina hii zamani, ila wao wanautumia kwa yai lenyewe. Mayai ya hariri yakikaribia kuanguliwa, kijusi kikionekana kama nukta nyeusi, hufunikwa kwa karatasi au kitambaa cheusi kwa siku moja au mbili. Waliotangulia wanasubiri gizani, waliochelewa wanawafikia, kisha asubuhi kitambaa kinaondolewa, mwanga unaingia na karibu wote wanatoka siku moja. Kwa hariri faida ni kubwa: viwavi wa umri mmoja hula pamoja, hulala pamoja na kusokota pamoja. Kwa nzi askari yai halisubiri mwanga. Likikomaa linaanguliwa, usiku au mchana. Katika jaribio la Wuhan, waliozaliwa chini ya taa na waliozaliwa chini ya jua walikua kwa muda ule ule. Tofauti ilikuwa idadi.

Kwa hiyo yai la nzi askari likishatagwa linataka kivuli. Angalia jike anapotaga asubuhi ya jua: anaacha mwanga aliokuwa anaufuata jana, anashuka kwenye vibao vilivyofungwa kwa mpira juu ya beseni la taka zinazonuka, anatembea ukingoni, anapapasa kwa ncha ya tumbo hadi apate ufa wa milimita moja au mbili, na humo anayasukuma mayai yake yote kwa mkupuo. Hatagi juu ya taka zenye majimaji, wala pale jua linapopiga. Vibao vikiachwa juani mayai yanakauka. Majaribio ya unyevu wa asilimia 25 hadi 70 yalionyesha kwamba kadiri hewa ilivyokuwa na unyevu zaidi ndivyo mayai mengi zaidi yalivyoanguliwa. Kwa Baraka maana yake ni hii: wakati wa mvua, chunga mwanga wa wazazi, kiangazi cha Juni hadi Agosti, chunga unyevu wa mayai. Gunia lililoloweshwa na kutandazwa karibu na mayai, bila kuyagusa, linasaidia sana.

Fizi ya juu na Fizi ya chini

Mwambao na milima haviko sawa. Uso wa ziwa uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Fizi-kati iko juu zaidi, na ukiendelea kuelekea milima ya Itombwe unaingia kwenye baridi ya kweli. Watafiti wa icipe, kituo cha Nairobi kinachoshughulika na wadudu, walichapisha mwaka 2018 majaribio ya nzi huyu katika joto la nyuzi 10 hadi 42. Ukuaji ulikuwa bora kwenye nyuzi 30. Kwenye 10 na 42 mayai hayakufaulu. Baraka iko karibu na kiwango kizuri bila kuchoma hata kijiti kimoja cha kuni. Huko juu yai litaanguliwa pia, ila litachukua siku nyingi zaidi, na kila siku ya ziada ni nafasi ya sisimizi na ukungu. Mtu wa milimani angefanya vizuri kununua mayai au mabuu machanga kutoka pwani ya ziwa kuliko kulazimisha nzi wapandane kwenye ukungu wa asubuhi. Gramu moja ya mayai inasafiri ndani ya kikopo. Hata pikipiki inayopanda na mzigo wa chumvi ina nafasi yake.

Baraka ina faida moja zaidi, nayo ni upande inaotazama. Mji uko magharibi ya ziwa, kwenye kichwa cha ghuba. Jua la asubuhi linakuja kutoka upande wa maji, na nzi hawa hupandana zaidi asubuhi, kabla joto halijawasukuma kwenye pembe za kizimba. Jua la jioni ndilo linalokatwa mapema na milima. Kizimba kiwekwe upande wa mashariki wa nyumba, bila turubai juu yake upande huo, kipate mwanga kuanzia saa mbili hadi saa sita, kisha kivuli cha nyumba kikifunike alasiri. Ukiwa na simu, ilaze mahali kizimba kitakapokaa, kioo chake kikitazama juu, saa nne asubuhi. Kipimo cha simu si cha maabara, lakini kinatosha kukutofautishia 500 na 11,000. Ikisoma chini ya 3,400 siku ya jua, hamisha kizimba. Usihangaike na kingine.

Hasara ya mahali pabaya

Tuseme kizimba kimewekwa ndani ya banda, na nusu ya mayai hayakurutubishwa. Kreti zetu 3 zinapata mabuu 15,000 badala ya 30,000. Taka kilo 45 zimeshamwagwa. Nusu yake, zaidi ya kilo 22 kwa siku, haina wa kuila. Inaoza, inatoa maji, inawaita nzi wa kawaida wa nyumbani, wale wanaotoka chooni kwenda kwenye sahani. Katika mji ambao kipindupindu kinarudi mara kwa mara hilo sio jambo la harufu tu. Upande wa kuku umepungukiwa kilo 0.85 ya mabuu makavu kwa siku, ambayo utaifidia kwa kilo 0.6 ya ndagala. Kwa mwezi ni kilo 18 za ndagala mkavu. Zidisha kwa bei ya soko la leo: hiyo ndiyo bei ya kizimba kilichowekwa gizani.

Kugundua mapema inawezekana. Siku ya tatu chukua mayai machache, yatazame kwa kioo cha kukuzia. Yai lililorutubishwa linaonyesha nukta mbili nyekundu, macho ya buu. Yasiyo na nukta yatupe, na kreti ya siku hiyo ipunguzie taka kabla hujamwaga.

Hesabu hii ina mipaka, na mwanga hauwezi kuivuka. Kilo 45 za taka hazijiletei zenyewe. Zinahitaji mtu na mkokoteni kila asubuhi, na zinahitaji kutenganishwa na plastiki na betri zilizokufa. Kenya ilipata kiwango rasmi cha wadudu wa kulishia mifugo mwaka 2017, kwa hiyo mtengenezaji wa chakula cha kuku anajua anachonunua. Mfugaji wa Baraka anapaswa kujisimamia mwenyewe, na kanuni ya kwanza ni kukausha mabuu vizuri na kutolisha taka za hospitali. Halafu kuna vita. Mtu anayeweza kulazimika kukimbia usiku hanunui paneli 8 na betri 5. Kizimba cha mbao na chandarua anaweza kukipoteza na kukijenga upya ndani ya siku moja, na hii, kwa wilaya ambayo imepokea wakimbizi wa ndani mara nyingi kiasi hiki na ambayo kambi yake ya Lusenda ilianza kuwahifadhi wakimbizi wa Burundi mwaka 2015, ni sababu nzito kuliko asilimia zote nilizozitaja.

Neno langu la mwisho ni la chandarua. Kizimba kinahitaji wavu, na katika nyumba nyingi za Fizi wavu ulio karibu ni ule uliogawiwa kwa ajili ya malaria. Huo umetiwa dawa ya kuua wadudu, na nzi askari atakayeugusa atakufa kabla ya kupandana. Nunua wavu wa dukani usio na dawa, au kitambaa chepesi cha pazia kinachopitisha mwanga. Chandarua cha malaria kiacheni kitandani, mtoto alale chini yake.